Makao ya Mwenye Baiskeli

Mtu achaguapo makao hudhani kuwa anachagua kuta, paa na majirani. Kwa hakika akichaguacho kwanza ni njia. Nyumba hukaa mahali pamoja, na mwenyewe hulala ndani yake. Lakini njia ndiyo impelekayo kazini asubuhi na kumrudisha jioni, na maisha ya mfanyakazi wa mjini ni kwenda na kurudi. Nyumba nzuri yenye njia mbaya ni kama kisima cha maji matamu chenye kamba fupi. Mwenye gari aweza kulisahau jambo hili kwa muda, kwa kuwa chuma kimemzunguka pande zote. Mwenye baiskeli hawezi kulisahau hata siku moja, maana kinachomkinga na barabara ni shati lake.

Habari ifuatayo ni ya mtu mmoja wa Dar es Salaam, fundi wa kujalidi vitabu katika karakana ya kupiga chapa iliyoko Gerezani. Kwa miaka 11 alikaa Ilala na mkewe na binti yao katika vyumba viwili vya kupanga, na kila siku alikwenda kazini kwa baiskeli. Ilikuwa Phoenix nyeusi, nzito, yenye keria pana nyuma, wala haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa ya mdogo wake, aliyekuwa akichukuza mkaa kutoka upande wa Kisarawe mpaka Buguruni. Alfajiri moja lori lilimpita karibu mno. Alianguka pamoja na magunia yake, na goti lake la kushoto halijakunjika tangu siku hiyo. Alipotoka hospitali alimkabidhi mkubwa wake baiskeli, akasema, "Kaka, ichukue. Chuma hakina kosa." Fundi aliichukua, akanyosha rimu, akabadili spoki 9, akaipanda. Lakini tangu hapo hakupata kupitwa na lori bila ya kukumbuka goti la mdogo wake.

Mwanzo wa mwaka 2018 mwenye nyumba aliwapa wapangaji wake habari kuwa nyumba imeuzwa, na mnunuzi alikusudia kuivunja ili ajenge ghorofa. Walipewa miezi 3 ya kutafuta pengine. Jambo hili halikuwa geni, maana Ilala ni jirani ya Kariakoo, na nyumba za zamani za vyumba sita na ua zinaanguka huko moja baada ya moja. Ajabu ilikuwa katika nafsi ya fundi. Kwa miaka 11 hakujua kuwa alikuwa tajiri. Alikuwa na safari ya dakika 10, na utajiri wa namna hiyo hauhesabiwi mpaka utoweke.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea ukumbini, kati ya milango ya wapangaji wenzake, na kila apitaye aliruka vitambaa vyake. Kwa miaka 9 mume na mke walikuwa wameweka akiba ya kununua kiwanja, na kiwanja walichoweza kukifikia kwa fedha zao kilikuwa Mbezi, ng'ambo ya Kimara, mwendo wa kilomita zaidi ya 20 kutoka mjini. "Baba watoto," alisema mke, "Mungu ametufukuza hapa kwa heri. Twende kwetu. Tutapanda mwembe, nami nitakuwa na baraza yangu. Nimechoka kushonea katika ukumbi wa watu." Maneno haya yalikuwa ya haki. Mume hakuwa na jibu, ila aliomba apewe majuma machache ya kuzijaribu njia.

Wenziwe wa karakana walimcheka. Katika mji mkubwa baiskeli hudhaniwa kuwa ni kipando cha mtu aliyekosa nauli, na mtu wa makamo akionekana juu yake huonewa huruma asiyoiomba. Walakini hesabu ya baiskeli ni hesabu nzuri. Mtu asiye na haraka huenda kilomita 15 kwa saa, na kwa hiyo kilomita 5 humpotezea dakika 20 tu. Hangoji kituoni, haning'inii mlangoni mwa daladala, wala hakai katika foleni. Fundi aliona kuwa mtu akiipata njia iliyo salama, isiyozidi kilomita 6 au 7, hana sababu ya kumwonea wivu mwenye gari. Shida ilikuwa katika neno salama.

Alianza na njia ya Mbezi, kwa kuwa huko ndiko moyo wa mkewe ulikokuwa. Alikwenda siku ya Jumapili, naye alirudi na furaha. Kutoka Kivukoni mpaka Kimara ilikuwapo barabara ya mabasi ya mwendokasi, iliyoanza kutumika mwaka 2016, na kando yake ilitengenezwa njia ya wenye baiskeli, pana na laini. Jumatatu alikwenda tena, asubuhi na jioni, akaona mambo mengine. Bodaboda ziliingia katika njia ile zikikwepa foleni. Machinga walitandaza viatu na ndizi juu yake, nao hawakuwa watu waovu. Walifuata penye wapita njia. Penye njia panda, njia ya baiskeli ilikatika ghafula kama usemi wa mtu aliyepaliwa. Kutoka Ubungo ulianza mlima wa Kimara, na baada ya Kimara njia ya baiskeli ilikwisha kabisa, yakabaki magari makubwa yaendayo bara. Nyumba za kando ya barabara zilikuwa zimebomolewa mwaka 2017 ili barabara ipanuliwe mpaka Kibaha.

Hapo fundi alifahamu jambo ambalo wajenzi wa barabara hulijua kwa hesabu, naye alilijua kwa goti la ndugu yake. Kishindo cha gari hakiongezeki sawa na mwendo wake. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa halina kishindo kilichozidi kidogo tu kile cha gari liendalo 30. Hukizidi karibu mara tatu. Barabara ikipanuliwa magari huongeza mwendo, na kila mwendo uongezwao huchukuliwa katika amana ya yule asiye na chuma. Basi barabara iliyo kubwa na nzuri yaweza kuwa makao mabaya ya mwenye baiskeli, na kichochoro chenye mashimo kikawa makao mema.

Aprili ya mwaka huo masika yalishuka kwa nguvu. Mto Msimbazi ulijaa, ukalifunika bonde la Jangwani, na barabara ikafungwa. Mabasi ya mwendokasi yalisimama, na wafanyakazi wa Magomeni, Ubungo na Kimara walizunguka mbali kuufikia mji ambao waliuona kwa macho. Fundi alisimama ukingoni mwa maji na baiskeli yake, akasema moyoni kuwa mtu mwenye njia moja tu, hata ikiwa nzuri namna gani, hana njia, ana bahati.

Jaribio la pili lilikuwa Kigamboni. Upande ule, ng'ambo ya mlango wa bandari, ardhi ni tambarare, upepo wa bahari hupunga, na kutoka Feri mpaka Gerezani ni safari fupi. Alipanda pantoni na baiskeli yake katikati ya watu, pikipiki na matenga ya samaki, na kuvuka kwenyewe hakukumchosha. Kilichomtia shaka ni kungoja. Mwendesha baiskeli ni bwana wa wakati wake, lakini afikapo penye pantoni huwa mtumwa wa wakati wa mwingine. Kulikuwa na mlango wa pili, yaani daraja lililofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa meta 680, litokezalo Kurasini. Aliupita mlango huo jioni moja. Daraja lilikuwa zuri, na juu yake palikuwa na pembe ya watu wa miguu; lakini aliposhuka upande wa Kurasini alijikuta katikati ya malori ya makontena yatokayo bandarini, akashuka kitini na kuikokota baiskeli mpaka alipoyaacha nyuma.

Hata hivyo safari ya Kigamboni haikuwa bure. Siku moja ndani ya pantoni alisimama karibu na mzee mmoja mwenye baiskeli iliyofungwa sanduku kubwa la mikate. Alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Mzee aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaitazama Phoenix, akagusa mnyororo wake kwa kidole na kuukuta una mafuta, ikawa ndiyo sababu ya mazungumzo. Mzee aliuza mikate kwa baiskeli kwa miaka zaidi ya 30, naye alikaa Temeke. Fundi alimweleza haja yake. Mzee alicheka kidogo.

"Wewe unatafuta lami," alisema. "Mwenye baiskeli hatafuti lami. Mimi nikiulizwa kama mahali panafaa, huuliza mambo matatu. La kwanza: mtoto wa kike wa miaka 12 aweza kupita peke yake jioni? Usijipime kwa nguvu zako, maana utazeeka. La pili: ukipata pancha, fundi yuko wapi? Palipo na mafundi wengi wa baiskeli chini ya miembe, ujue wenye baiskeli wanapita, na madereva wamezoea kuwaona. La tatu: njia hii ikifungwa, ya pili iko wapi, na ya tatu?" Pantoni ilipofika, mzee alishika usukani wake na kumaliza, "Mahali penye majibu matatu, kaa. Palipo na mawili, fikiri. Palipo na moja, pita."

Fundi alistaajabu. Swali la kwanza lilimchoma kuliko mengine, kwa sababu binti yake alikuwa na miaka 12 kamili, naye alikwisha jifunza kuiendesha ile Phoenix kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, kama wafanyavyo watoto ambao miguu yao haijafikia pedali juu ya kiti.

Aliyajaribu maswali hayo Temeke. Kutoka huko mpaka Gerezani ni kilomita 6 hivi. Ilikuwako Barabara ya Nyerere, pana na yenye mbio, ambayo hapana budi kuivuka. Lakini aliivuka mara moja tu, penye taa. Sehemu nyingine aliweza kuzipita katika mitaa ya Chang'ombe na Temeke yenyewe, ambako magari yalikwenda polepole kwa sababu ya watoto, mikokoteni, kuku na matuta. Mtaa mmoja ukiwa na msiba, turubai limefungwa njiani, aliingia mtaa wa pili. Katika njia yote alihesabu mafundi baiskeli 7. Mvua iliponyesha palikuwa na madimbwi na matope, wala si machache, lakini hapakuwa na bonde la kumfungia njia. Jioni aliwaona wasichana wa shule wakirudi kwa miguu, na wawili wamepakizana juu ya baiskeli, wakicheka. Mzee alikuwa amesema kweli.

Siku zile karakana ilikuwa ikijalidi taarifa moja juu ya ujenzi wa miji, na fundi, kama ilivyo desturi ya wajalidi, alisoma kurasa alizokuwa akizikunja. Humo alikuta habari za Houten, mji mdogo wa Uholanzi ulio karibu na mji mkubwa wa Utrecht. Hadi miaka ya 1960 Houten kilikuwa kijiji cha watu elfu chache. Leo ni mji wa watu 50,000 hivi. Walioupanga waliuzungushia barabara ya magari kama ukingo wa sinia. Mwenye gari atakaye kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili hana budi kutoka nje mpaka ukingoni, auzunguke, kisha aingie tena. Mwenye baiskeli hukata katikati moja kwa moja, kupitia penye miti, shule na kituo cha gari moshi. Kwa hiyo katika mji ule mwenye haraka ndiye apandaye baiskeli, wala hapana amwoneaye huruma. Na katika Utrecht yenyewe, mwaka 2019, ilikamilishwa chini ya kituo kikuu banda la kuwekea baiskeli 12,500.

Yamkini msomaji atasema kuwa Waholanzi walizaliwa juu ya baiskeli, na nchi yao ni tambarare. La pili ni kweli. La kwanza halikuwatosha. Baada ya Vita Kuu ya Pili magari yaliwazidi huko kama yalivyozidi kwingineko, na katika mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 waliuawa barabarani, na katika hao zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi walitoka njiani kudai uhai wa watoto wao, na mwaka 1973, mafuta yalipoadimika, serikali ilipata sababu nyingine ya kusikiliza. Njia wanazosifiwa leo hazikuota kama majani. Zilidaiwa, zikachorwa, zikalipiwa. Fundi alipoikunja kurasa ile alijua kuwa yeye hatahamia Houten. Lakini alifarijika kuona kwamba swali la mzee wa mikate lilikwisha kuulizwa na taifa zima.

Ilibaki kazi iliyo ngumu kuliko kupanda mlima wa Kimara. Usiku mmoja, binti alipokwisha kulala, mume alimweleza mkewe mambo yote. Mke alinyamaza muda mrefu.

"Kwa hiyo wataka tupange tena," alisema.

"Mbezi tutakuwa na nyumba, mama watoto, nami nitakuwa mgeni wake. Nitatoka binti amelala, na nitarudi amelala."

"Na Temeke tutaila nyumba yetu kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, mpaka iishe. Miaka 9 nimeshona, baba watoto. Kila tofali la nyumba ile nimelishona mimi."

Wote wawili walisema kweli, na hiyo ndiyo sababu mazungumzo yao hayakuwa na mwisho usiku ule. Penye kweli moja na uongo mmoja, mtu huchagua upesi. Penye kweli mbili, kila achaguaye huumia.

Baada ya siku mbili mke alisema neno ambalo mume hakulitazamia. "Nipakie," alisema. "Nataka kuiona njia hiyo kwa macho yangu, saa ile ile utakayorudi." Basi saa 11 na nusu jioni alimngoja mbele ya karakana, akajifunga kanga vizuri, akakaa upande juu ya keria, nao wakaondoka. Walipokaribia Barabara ya Nyerere magari yalinguruma kulia na kushoto, na mke alilishika shati la mumewe kwa mikono miwili hata vifungo vikamkaba shingo. Walingoja taa, wakavuka, wakaingia mitaa ya Chang'ombe. Hawakusemezana. Watoto walikuwa wakicheza mpira, na dereva mmoja wa taksi alisimama ili wapite. Muuza kahawa aliwasalimu kana kwamba aliwajua. Hapo fundi aliona kuwa mkono mmoja umeliacha shati lake: mkewe alikuwa akitengeneza kanga kichwani. Mkono ule haukurudi tena shatini mpaka walipofika. Fundi alijua kuwa shauri limekwisha, wala hakujua kama afurahi au asikitike.

Walipanga Temeke nyumba ndogo ya vyumba vitatu yenye baraza ielekeayo mtaani. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima, nayo ilikula sehemu kubwa ya akiba. Cherehani iliwekwa barazani, na wapita njia wakawa wateja. Binti alinunuliwa baiskeli iliyokwisha kutumiwa, akawa akienda shule kupitia mitaa ya nyuma. Fundi hufika nyumbani jua halijatua, na mara nyingi huketi na binti yake wakatia mafuta minyororo ya baiskeli mbili, kazi ambayo haihitaji maneno na kwa hiyo huleta maneno mengi.

Lakini si haki kuisimulia habari hii kana kwamba ilikuwa faida tupu. Mwenzake mmoja wa karakana alinunua kiwanja Mbezi katika mwaka ule ule, akajenga, na leo ana nyumba, na mwembe wake umeanza kuzaa. Bei ya viwanja vya huko imepanda hata fundi hawezi tena kuvifikia. Siku nyingine mkewe, akisikia habari za nyumba ile, huacha kukanyaga cherehani kwa muda, kisha huendelea. Mume huisikia ile kimya. Naye yule mwenzake, kwa upande wake, amekiri kwamba watoto wake humwona vizuri siku ya Jumapili. Mmoja alilipa kwa ardhi, mwingine kwa saa za maisha yake. Na mji ndio uliowatoza wote wawili.

Hapa pana jambo la kufikiriwa na wenye elimu, na hasa wale ambao siku moja watapewa kalamu ya kuchora ramani. Mtu mmoja aweza kuchagua nyumba, na akiwa na busara aweza kuichagua kwa maswali ya mzee wa mikate. Hawezi peke yake kuchagua barabara. Barabara huchaguliwa na mji mzima, ama kwa kusema ama kwa kunyamaza. Mji ambao humlazimisha mfanyakazi achague kati ya kuwa na nyumba na kumwona mtoto wake akiwa macho haujakosa fedha tu. Umekosa kuuliza swali lililo jepesi, nalo ni kama mtoto wa miaka 12 aweza kupita jioni.

Mara moja kwa mwezi mdogo wake fundi huja Temeke kuwajulia hali. Huketi barazani, mguu wa kushoto ameunyosha mbele yake, akitazama baiskeli zipitazo. Binti arudipo shuleni humsalimu ami yake, na mzee huyo kijana, kabla ya kuitika, huitazama kwanza baiskeli, kisha magoti yake yote mawili, ndipo husema, "Marahaba, mwanangu. Umefika."